Mkopo wa laini, SACCOS au programu ya mtandaoni: upi unamfaa mtu wa Mbeya?

Huku Nyanda za Juu Kusini msimu wa mbolea ndio msimu wa mikopo. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, mkulima wa Umalila anatafuta hela ya mbegu za viazi, wa Mbozi anatafuta ya mbolea ya mahindi, na mchuuzi wa Soweto anaona ada za Januari zinamsogelea huku mtaji umeshaliwa. Wakati huohuo Facebook inajaa matangazo: "Pata hadi milioni tano ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini."

Nitazilinganisha njia nne ambazo mtu wa kawaida wa Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuzitumia kupata, tuseme, laki tatu: programu ya mikopo ya mtandaoni, mkopo wa laini ya simu, mkopo wa benki unaopatikana kwenye simu, na SACCOS au kikoba. Baadaye nitagusa bima na sehemu za kuweka akiba, kwa sababu nazo siku hizi zinanunuliwa kwa simu, na huko majibu yanabadilika kabisa.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kabla ya kuangalia riba, uliza mambo mawili: nani amempa huyu mtu leseni, na hela nitakayoitumia itanirudia lini. Wengi niliowaona wakilia na mikopo walikuwa hawajauliza moja kati ya hayo.

Programu za mikopo

Tuanze na hizi kwa sababu ndizo zinazopiga kelele kuliko zote, na ndizo zilizozaa jina la "kausha damu" hata kwa watu ambao hawajawahi kukopa.

Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha bila kupokea amana za watu yuko daraja la pili, na lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kukopesha kwa programu ya simu hakumwondoi kwenye sheria hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa tangazo lenye orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Watu wengi waliihifadhi orodha ile kwenye simu, na hadi leo wanaitumia kuhakiki: jina halimo, basi salama. Hapo ndipo wanapopigwa. Programu ikifungiwa leo, wiki ijayo inarudi na jina jipya na nembo ya rangi nyingine. Itafute programu kwenye orodha ya waliopewa leseni, ambayo iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz. Halafu ujue kwamba jina la programu na jina la kampuni mara nyingi ni vitu viwili. Fungua sehemu ya vigezo na masharti, tafuta kampuni inayoimiliki, na jina hilo la kampuni ndilo ulitafute kwenye orodha. Usipoliona jina la kampuni popote, umeshapata jibu.

Kuwepo kwenye Play Store si leseni. Hata hivyo Play Store ina masharti yake yanayoweza kukusaidia kupima. Tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo kufikia majina na picha zilizohifadhiwa kwenye simu ya mteja, na kwa kawaida hairuhusu programu zinazotangaza mikopo ambayo lazima ilipwe yote ndani ya siku 60 au pungufu. Sasa chukua programu inayokuja kwa kiungo cha WhatsApp, inakwambia uishushe moja kwa moja bila kupitia Play Store. Unaifungua. Swali la kwanza: ruhusu kufikia majina kwenye simu? La pili: ruhusu kusoma meseji? La tatu: ruhusu picha? Kitufe cha kuruhusu kinang'aa, cha kukataa kimefifia kama maandishi ya risiti ya mwaka juzi. Ukikataa, haiendelei. Hapo bado hujaambiwa riba.

Kwa nini wanataka majina? Kwa sababu dhamana yao ni aibu yako. Siku ukichelewa, ujumbe unaenda kwa mchungaji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa shemeji, kwa mteja wako wa Dar: "Mtu huyu amekopa na anakataa kulipa. Amekuweka wewe kuwa mdhamini. Mwambie alipe leo kabla hatujachukua hatua." Wakati mwingine umeambatanishwa na picha yako. Mtu anakopa kwa rafiki ili akawalipe hawa, kisha anarudi kukopa kwa hawahawa ili amlipe rafiki.

Na hesabu yao ikoje? Chukua mfano wa laki tatu. Umeomba 300,000, simu inalia: umepokea 225,000. Ile 75,000 imekatwa kwa jina la "ada ya huduma". Siku ya saba unadaiwa 300,000 kamili. Yaani umetoa 75,000 ili ukae na 225,000 kwa wiki moja, theluthi nzima ya hela iliyoingia mkononi. Kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki tatu ni 10,500. Ukiwauliza watakwambia riba yao ni ndogo, na kwenye karatasi ni kweli, kwa sababu wameihamishia kwenye ada. Ndiyo maana mimi siulizi riba. Nauliza: inaingia ngapi, inatoka ngapi, siku ngapi.

Zipo zenye leseni zinazofanya kazi kwa utaratibu, tena zinamfaa mfanyakazi mwenye mshahara anayejua tarehe 25 hela inaingia. Kwa mkulima sizioni.

Halafu kuna hawa ambao hata programu hawana. Wana ukurasa wa Facebook wenye nembo ya benki inayojulikana au picha ya kiongozi, na namba ya WhatsApp. Utajaza fomu, utapongezwa, kisha itakuja "ada ya fomu", baadaye "bima ya mkopo", baadaye "gharama ya kufungua akaunti". Mkopo hautakuja. Kwa wakala mmoja pale Kabwe mazungumzo ya namna hii ni ya kila wiki:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitumie elfu thelathini kwenye namba hii, kuna mkopo wangu wa milioni mbili wanaufungulia."

"Mama, uliwaomba wewe?"

"Walinipigia wenyewe. Wanasema ni watu wa mtandao."

"Walikupigia kwa namba 100?"

"Hapana, ni hii ya sifuri saba."

"Basi mama, hiyo elfu thelathini kanunulie unga."

Kijana alikuwa na hoja. Kampuni za simu hapa nchini zinampigia mteja kwa namba moja tu, 100. Nyingine yoyote, hata anayepiga akikutajia majina yako yote matatu, ni ya tapeli.

Mkopo wa laini

Hapa nazungumzia Songesha na M-Pawa za Vodacom, Timiza ya Airtel, Nivushe ya waliokuwa Tigo Pesa na sasa Mixx by Yas, na ndugu zao. M-Pawa ipo tangu 2014, kwa hiyo hii si biashara ya jana. Nyuma ya huduma hizi kuna benki au taasisi ya fedha inayojulikana, na unaingia kwa menyu ileile unayotumia kutuma hela: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Hakuna cha kushusha, hakuna anayeomba majina ya watu wako.

Ubaya wake wa kwanza ni udogo. Kiwango kinapangwa kwa historia ya miamala yako, na mtu ambaye laini yake inalala anaweza kuambiwa anastahili elfu chache tu. Kufika laki tatu ni safari. Wa pili ni muda: siku, wiki, mwezi. Songesha hasa imetengenezwa kumalizia muamala pale salio linapopungua, na ada yake inahesabika kwa siku. Ukiichukulia kama mtaji wa shamba utashangaa.

Wa tatu watu huusahau. Deni linajichukulia lenyewe. Mteja wa Dar akikutumia 180,000 ya magunia ya viazi na wewe unadaiwa 60,000 kwenye laini ileile, utaona 120,000, na mkulima wa Inyala anakusubiri na pesa yake. Mchuuzi mwenye akili hutenganisha: laini ya kupokea hela za wateja iwe mbali na laini ya kukopea. Wengine wataniambia huo ni ujanja wa kukwepa deni. Hapana, ni kujua hela ya nani imeingia wapi.

Mkopo wa benki kwenye simu

Mfano unaofahamika zaidi huku ni Mshiko Fasta wa NMB, unaopatikana kwenye NMB Mkononi, bila dhamana. Benki nyingine nazo zina zao kwenye menyu zao au programu zao za simu. Unahitaji akaunti inayozunguka. Akaunti ya kupokelea posho mara moja kwa mwaka haitakupa kitu.

Kwa usalama njia hii ni ya mstari wa mbele: benki ina leseni, ina tawi mjini unaloweza kuingia na kitambulisho chako, na mkopo wako unaingia kwenye taarifa za mikopo zinazotunzwa na kampuni mbili zenye leseni, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Hilo la mwisho lina pande mbili. Ukilipa vizuri, linakujengea jina kwa siku utakayotaka milioni kumi za trekta dogo. Ukizembea elfu hamsini, linaweza kukutokea siku hiyohiyo ya trekta.

Kwa mkulima, mkopo wa simu wa benki bado ni mfupi. Wa msimu mzima unapatikana tawini, kwa fomu, kwa kikao, na mara nyingi kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au kikundi.

SACCOS na kikoba

Njia ya polepole. Unajiunga, unanunua hisa, unaweka akiba miezi kadhaa, halafu ndipo unaomba. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Kamati ya mikopo inakaa, wadhamini wanasaini, na kama kikao kimeahirishwa kwa msiba, nawe umeahirishwa.

Ila angalia gharama. Tuseme SACCOS yako inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Laki tatu kwa miezi sita, kila mwezi unarudisha 50,000 ya mkopo. Riba ya mwezi wa kwanza ni 4,500, wa pili 3,750, inashuka hivyohivyo hadi 750 mwezi wa sita. Jumla 15,750 kwa nusu mwaka. Ile programu ilikula 75,000 kwa wiki.

SACCOS ni daraja la tatu na leseni yake inatolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikoba na vikundi vya aina hiyo ni daraja la nne, vinasajiliwa halmashauri. Kikoba riba yake inaweza kuwa kubwa kuliko SACCOS, hata asilimia kumi kwa mwezi kwa baadhi, lakini inarudi kwenye mgao wa mwisho wa mwaka, na wewe ni mmoja wa wanaogawana. Masharti ni kwamba wanachama wanajuana, sanduku lina funguo kwa watu tofauti, na daftari linasomwa mbele ya wote. "Kikoba cha mtandaoni" chenye wanachama mia mbili wa WhatsApp ambao hamjawahi kukaa kikao kimoja ni upatu uliovaa kitenge. Kaa mbali.

Hapa niseme na hili: kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ni ya vikundi, ina foleni, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona, sio mtu wa Facebook anayedai anaweza "kuisukuma".

Kwa kifupi, pembeni kwa pembeni:

| | Programu ya mtandaoni | Laini ya simu | Benki kwenye simu | SACCOS / kikoba |
|---|---|---|---|---|
| Hela inafika | Dakika | Papo hapo | Papo hapo | Wiki, kama tayari ni mwanachama |
| Muda wa kulipa | Mara nyingi siku 7 hadi 30 | Siku hadi mwezi | Siku hadi wiki kadhaa | Miezi |
| Gharama | Juu sana kwa wasio na leseni | Wastani, inapanda kwa siku | Wastani | Ya chini. Ya kikoba inarudi kwenye mgao |
| Msimamizi | Benki Kuu, kama ana leseni | Benki Kuu | Benki Kuu | Tume ya Ushirika / halmashauri |
| Ukikwama unamwona nani | Mara nyingi hakuna ofisi | Duka la mtandao wako | Tawi la benki | Ofisi yao, mkutano mkuu |
| Wanachojua kukuhusu | Majina, picha, meseji ukiwaruhusu | Miamala yako | Akaunti yako | Kila kitu, ni majirani zako |

Ule mstari wa mwisho una utani na ukweli.

Hela yako inarudi lini?

Jedwali halikuchagulii. Kinachochagua ni kazi ya hela yenyewe.

Mchuuzi wa kabichi ananunua Uyole asubuhi, anauza, keshokutwa hela iko mkononi. Huyu mkopo wa laini unamfaa kabisa, kwa kiasi kidogo na kwa siku mbili tatu. Hata ada ya siku haimuumi kwa sababu anairudisha kabla haijakua.

Mwenye viazi anasubiri miezi mitatu hadi minne. Laini haimfai tena. Kikoba kinamfaa, au SACCOS, na kama ana akaunti inayopumua, mkopo wa tawi la benki.

Mwenye mahindi Mbozi au Njombe anapanda Novemba au Desemba, anavuna Juni, Julai. Na akivuna, bei ya wakati huo iko chini, kwa hiyo kama marejesho yanaanza Januari, atauza nini Januari? Yeye anahitaji mkopo unaosubiri mavuno, na hakuna mkopo wa dakika tano unaosubiri mavuno. Nimeona watu wakiuza mahindi yakiwa bado shambani, mabichi, kwa bei ya kutupa, ili kulipa deni la simu.

Mwenye mche wa parachichi Rungwe ni miaka. Asikope kwa simu hata shilingi ya mbolea ya parachichi.

Bima: huku mtandao ndio salama zaidi

Hapa nageuka. Kwenye mikopo nilikuwa navuta watu watoke mtandaoni. Kwenye bima ya chombo cha moto nawasukuma waingie.

Zamani dereva wa bodaboda alimpa hela dalali kijiweni, akapewa stika, akaibandika, akaendelea na safari. Stika ya kughushi ilikuwa inafanana na ya kweli, na siri ilifichuka siku ya ajali. Sasa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki, tiramis.tira.go.tz. Unaingiza namba ya usajili wa chombo, unaona kama bima ipo, ya kampuni gani, inaisha lini. Ni dakika mbili, hata ukiwa umesimama Mafiati ukisubiri abiria.

Kwa hiyo kati ya dalali mwenye maneno matamu na kampuni au wakala aliyesajiliwa unayemlipa kwa simu, chagua wa pili, kisha hakiki palepale. Usiondoke kijiweni kwa ahadi ya "itasoma kesho". Isiposoma, hujanunua bima.

Halafu jua ulichonunua. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ndiyo sheria inayolazimisha. Inamlipa uliyemgonga. Pikipiki yako ikiangukia mtaroni pale mteremko wa Iwambi, bima ndogo haikujui. Bima kubwa inakujua, ila bei yake inahesabiwa kwa thamani ya chombo na lazima usome kinachotolewa nje: mzigo uliozidi, dereva asiye na leseni, abiria wa tatu kwenye pikipiki. Anayelipia kila mwezi mkopo wa bodaboda mara nyingi amewekewa bima kubwa ndani ya marejesho bila kujua. Aulize, aombe nakala ya bima yenyewe, aihakiki kwenye mfumo uleule. Na kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya maana, TIRA wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kazi yake ni hiyo.

Kuweka hela

Watu wa Njombe hawahitaji kuelezwa kwamba hata taasisi yenye ofisi na walinzi inaweza kufungwa. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano, mojawapo ikiwa Benki ya Wananchi Njombe. Wenye amana walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini kwa kikomo cha wakati ule, 1,500,000 kwa mtu. Zaidi ya hapo ulisubiri mali za benki ziuzwe. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi 7,500,000. Kwa hiyo ukiwa na milioni ishirini za mbao za Mafinga, kuziweka zote benki moja ni uamuzi, na uujue kuwa ni uamuzi. Na kinga hiyo ni ya benki. Akiba ya SACCOS haimo.

Ukitaka hela ifanye kazi bila kulala, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS inaanza kwa kiasi kidogo na inanunuliwa kwa simu, na iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hatifungani za serikali zinaanzia 1,000,000. Vyote viwili havina "faida kila siku". Anayekuahidi faida kila siku kwa kubofya matangazo au kwa kuleta watu watatu anakulipa kwa hela ya hao watatu. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, "kupanda mbegu" na "kuvuna", na jinsi ilivyoishia polisi. Ya sasa ina nembo ya Kiingereza na kundi la Telegram, basi.

Ukiwa umeshaingia

Wapo wanaosoma hili wakiwa tayari wanadaiwa na programu inayowatukana. Fanya hivi. Piga picha ya kila ujumbe, pamoja na namba na tarehe, kabla hawajafuta. Hesabu ulichopokea na ulicholipa, andika kwenye karatasi. Ondoa ruhusa za programu kwenye mipangilio ya simu, kisha ndipo uifute. Waambie mapema watu waliomo kwenye simu yako kwamba watapokea ujumbe wa hovyo; ukiwaambia wewe kwanza, silaha yao kubwa imeishiwa risasi.

Malalamiko ya mkopeshaji yanapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya, huna haja ya kwenda Dodoma. Kama wamesambaza picha au majina yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023 na Tume yake inapokea malalamiko. Vitisho na matusi ya mtandaoni ni ya polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Chukua namba ya taarifa. Meseji za kitapeli, za "ile hela tuma kwenye namba hii" na za mikopo hewa, zisambaze kwenda 15040. Na ukiwa hapohapo kwenye simu piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho mkononi, waifunge ukiwa umesimama pale.